Bwana Kesho Apanga Wiki ya Binti Yake

Jumatatu, tarehe 6

Leo nimeanza malezi rasmi. Kwenye kikao cha wazazi, mshauri wa wanafunzi alisema ubongo wa kijana wa miaka kumi na sita bado unajengwa sehemu ya kupanga mambo, kuanza kazi na kukumbuka. Tusiwafanyie, tusiwagombeze. Tuwasaidie kugawa kazi kubwa vipande vidogo. Alikuwa na mambo mengine sita. Sikuyasikia. Nilitoka mapema kumkwepa mwalimu wa hesabu, ambaye koti alilonipa nimshonee liko kwangu tangu mvua za kwanza.

Binti yangu anataka chuo cha uchoraji wa majengo. Si cherehani, majengo! Iliniuma kidogo, imepita. Anatakiwa kupeleka michoro mitatu na nyumba ndogo ya kadibodi. Mwisho ni Ijumaa hii, saa sita mchana. Chuo kinachukua wanafunzi kila baada ya miaka mitatu, kwa hiyo akikosa, amekosa. Barua imeingia kwenye simu yangu. Tarehe naijua mimi peke yangu.

Mpango: nimemwambia mwisho ni Jumatano. Atamaliza mapema, kisha tutakaa siku mbili tukinywa chai kama watu wenye akili zao. Huo si uwongo. Nimeibana tarehe kiunoni, basi.

Akasema haya baba, wala hakushtuka. Nidhamu hiyo!

Jumanne, tarehe 7

Nimetengeneza ratiba ya ukutani. Karatasi ya kuchorea vipimo, ndefu kama kitanda. Chaki rangi nne. Kazi yake nimeigawa vipande arobaini na moja, pamoja na "kuvuta kiti" na "kukaa". Imenichukua tangu asubuhi mpaka alasiri. Mke wangu akauliza koti la mwalimu limefikia wapi. Nikasema kesho. Akacheka, kicheko kile nisichokipenda.

Binti akaisoma ratiba yote, akanibusu kwenye upara, akasema nzuri sana baba. Halafu akarudi mezani kwake. Pale ana kamba yenye vitambaa vinane, mabaki ya kazi zangu. Akimaliza hatua moja anafungua kitambaa kimoja. Vimebaki vinne. Nikamweleza kwa upole kwamba huo si mfumo.

Nimetega pia kengele kumi na moja kwenye simu yake. Kimyakimya.

Jumatano, tarehe 8

Kengele ya nne imelia katikati ya jaribio la hesabu. Simu imekamatwa. Mwalimu kasema itatoka siku koti litakapotoka. Balaa gani hili!

Na leo ndiyo "mwisho", nyumba haina paa, mtoto anapanga vyombo na mama yake huku anaimba. Sikumgombeza. Nimempa tu hotuba fupi ya nusu saa kuhusu thamani ya muda. Akanishika bega, akasema nisijali, yuko ndani ya muda. Roho iliniuma kweli. Mshauri alisema ubongo bado unajengwa, lakini kiasi hiki?

Alhamisi, tarehe 9

Shule imefunga kwa mapumziko mafupi. Leo-Leo kaja kunichungulia. Huyu ni fundi wa ng'ambo ya barabara, kibao chake kinasema nguo siku hiyohiyo. Ndiye aliyenibandika jina la Bwana Kesho, na mtaa mzima ukalidaka. Akasema mwanawe anajipangia mambo tangu darasa la tatu. Akaitazama ratiba yangu, akauliza kama nashona pazia la ukumbi. Nikamwambia hiyo ni elimu. Alipoondoka nikashika koti kwa hasira, nikakata kola mbili za upande mmoja.

Kwenye kamba vimebaki vitambaa viwili: paa, na kupeleka. Nilitaka kumwambia tarehe ya kweli. Lakini atajua nilimdanganya, na yale macho yake siyawezi. Nikajiambia bado kuna kesho.

Ijumaa, tarehe 10

Mama yangu!

Saa tatu asubuhi nimemkuta uani, shangazi yake anamsuka. Nikauliza paa je. Akasema paa ni leo jioni, kupeleka ni kesho. Nikapiga kelele, kesho ipi! Akanitazama kwa huruma. Akasema baba ukisema Jumatano ni Jumamosi. Tarehe zangu zinaongezwa siku tatu, wateja wote wanajua, mama anajua, yeye alijua kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana hajawahi kulia akisubiri sare.

Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Hata shangazi!

Nikamwonyesha barua. Akaisoma mara mbili. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonivunja. Akafumba macho, akahesabu kwa vidole, akasema tuna saa tatu, nusu saa ni ya njiani. Akachukua kitambaa kigumu cha kola, kile cha koti la mwalimu, akapima na kuchora. Akaniambia nikate vipande hivi vinne. Hivi tu. Nikimaliza nimwambie.

Nikakata, nikamwambia. Akasema vizuri, sasa nikunje hapa. Nikakunja. Nikataka kuongeza kibaraza. Akasema baba, hivi tu. Miaka ishirini na mbili kwenye cherehani, na leo ndiyo mara ya kwanza namaliza kitu kabla ya wakati wake. Nikalia juu ya paa. Akalifuta kwa mkono wa blauzi, akasema ni zuri, nisilowanishe gundi.

Tumefika chuoni saa sita kasoro dakika kumi. Karani akatazama nywele zake, akatazama saa, akagonga muhuri. Nilitamani kuubusu ule muhuri.

Wakati wa kurudi akafungua kitambaa cha mwisho, akanifungia mkononi. Nikamwomba radhi. Akasema safari nyingine nimpe tarehe ilivyo, apange mwenyewe, nami nisaidie pale atakaponiita. Nikaahidi. Kwa moyo wangu wote nimeahidi. Nampenda sana mtoto huyu.

Jumatatu, tarehe 20

Barua imekuja, kwenye simu yangu tena! Kazi yake imependwa, paa limetajwa! Ameitwa kwenye usaili Alhamisi, tarehe 30. Nimemtangazia Leo-Leo kutoka mlangoni, barabara nzima imesikia. Mwalimu kapita kuulizia koti. Nikamwambia kesho. Akasema sawa, atakuja Ijumaa.

Kitambaa bado kiko mkononi, sikivui hata kuoga. Kwa hiyo nimefikiri sana kuhusu ile ahadi. Nikimwambia Alhamisi ataongeza siku tatu, atakwenda Jumapili, akute mlango umefungwa. Baba gani atakubali hilo? Nimepunguza tatu ili akiongeza tatu iwe ileile. Nimemwambia Jumatatu, tarehe 27. Hesabu safi.

Akanikumbatia muda mrefu. Akasema asante baba kwa kuniambia ukweli. Akafungua daftari, akaandika kwa wino: Jumatatu, tarehe 27.

Nadhani amesahau kuongeza. Nitamkumbusha kesho.