Mlio wa Tatu wa Kome

Jina lako? Kwani mama yako hajakuambia? Haya, sogea na hilo jamvi. Jina lako, mjukuu wangu, lilitokana na Tangazo Namba Tisa, na Tangazo Namba Tisa nililitoa mimi.

Usicheke. Nilikuwa Mkuu wa Ofisi ya Muda ya Kome. Baraza lilinipa wiki mbili, baada ya kile kimbunga, maana vijana walikuwa wanazurura tu wakati wa sala ya jioni. Kazi yenyewe ndogo: napuliza lile kome kubwa, ganda la baharini linalolia kama baragumu, mara moja, watu wanaingia ndani. Mara ya pili, sala. Mara ya tatu, kila mtu na shughuli zake. Dakika kumi, basi.

Nikakaa mwaka na nusu.

Ilikuwa lazima. Watu walikuwa na maswali. Kwa mfano, ndani ni wapi? Nyumba zetu hizi nguzo tupu, ukuta hakuna, upepo unapita, kuku wanapita. Nikaunda Kamati ya Kufafanua Ndani. Mwenyekiti mimi, katibu mimi, wengine walikuwa shambani. Tukakubaliana kwa kauli moja kwamba mguu ukining'inia nje ya nguzo, mguu huo uko nje, na mwenye mguu atafyeka nyasi za kanisa.

Dakika kumi zikawa arobaini. Namba Sita ikasema hakuna kutoka wala kula mpaka mlio wa tatu. Namba Saba, kome lisiguswe na mtu ila mimi. Namba Tisa ikaongeza Jumapili mchana, ili watu wapate nafasi ya kuyatafakari yale manane.

Halafu nilikuwa na Pouli, mkuu wa walinzi wangu. Mwili kama mlango wa kanisa. Nilimfundisha mwenyewe: "Pouli, usimsikilize mtu. Hata mimi nikikubembeleza, usinisikilize." Akaandika kiganjani.

Sasa bibi yako Sinapati ndiye mkunga wa kijiji kizima. Akaniambia, "Baba Lupe, siku moja mtoto atakuja katikati ya hizo pu-pu zako. Nitapitaje?"

Nikamjibu kiofisi: mtoto alete maombi kwa maandishi, siku tatu kabla.

Jumapili hiyo mama yako Lupe, tumbo hili hapa, yuko kwake ng'ambo ya barabara. Bibi yako yuko kwetu, upande wa bahari, ameshatoa chakula kwenye tanuri la mawe: nguruwe, magimbi, majani ya magimbi kwa tui, harufu mpaka kanisani. Mimi na msuli wangu mpya nikapanda lile jiwe la ufukweni. Nikapuliza. Kijiji kikaingia ndani. Mara ya pili nikajaza kifua, nilitaka wanisikie mpaka kijiji cha pili, mlio ukatoka, na meno yangu ya bandia nayo yakatoka. Yote. Yakaruka, chubwi, baharini.

Sala ikaisha. Nikapuliza mlio wa tatu: ffff. Tena: ffff. Mate tu.

"Fouli!" nikaita. "Hebu fuliza wewe."

"Namba Saba, Mheshimiwa."

"Basi ngoja nikatafute meno."

"Uko nje, Mheshimiwa. Kaa chini."

"Si mimi ndiye niliyeandika hiyo sheria?"

"Ndiyo maana sikuelezi. Kaa."

Nikakaa. Jua la saa saba, na jiwe linachoma. Na nyumba hazina kuta, kwa hiyo kijiji kizima kinanitazama. Tuiloma, msemaji wa baraza, akapaza sauti kutoka kwake: "Mheshimiwa, mguu wako unaning'inia nje ya jiwe!" Walicheka mpaka wagonjwa.

Mara Lupe akapiga kelele. "Mama! Mama, anakuja!"

Sinapati akatoka mbio. Pouli akasimama katikati ya barabara, mikono kaitanua. "Mama, mlio wa tatu bado."

Hapo nikamwona mke wangu amezuiwa barabarani, yeye aliyezalisha nusu ya watu wa hapa.

"Mwache afite!" nikalia. "Nakuomba, Fouli!"

Pouli akasoma kiganja. "Ulisema utanibembeleza."

Bibi yako hakubishana naye. Pouli aliambiwa alinde barabara, jiwe hakuambiwa. Akaja mpaka kwangu, akalichukua kome mapajani mwangu. Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile tena, na sitaki. Akapuliza mpaka popo wakatoka mitini.

"Huo wa ngapi, Pouli?"

Akahesabu vidole. "Wa tatu, mama."

"Kapuliza nani?"

Pouli akaangalia kiganja, akaniangalia mimi, akamwangalia yule nguruwe anayetoa moshi kule kwetu, asiyelika mpaka mlio wa tatu. "Sikuona, mama. Nilikuwa nasali."

Ukazaliwa wewe, nguruwe hajapoa. Mama yako akasema huyu ni Pu, kwa lugha yetu kome lenyewe, maana ndilo lililomfungulia mlango.

Baraza likakutana pale pale barabarani. Dakika kumi kama zamani, ofisi inabadilisha mtu kila mwezi, na mlio wa tatu apulize yeyote mwenye meno. Na mimi niliunga mkono kwa hotuba ndefu, hakuna aliyeelewa neno.

Ndipo watu wakakaa, nyumba hadi nyumba, wakafunua majani yaliyofunika chakula. Bibi yako akaniwekea gimbi la kuponda, kama la mtoto.

"Mguu ndani, Baba Lupe," akasema.

Nikauingiza. Tukala.