Mafuta ya Samaki kwa Ubongo wa Mama

Jumatatu, 3 Juni
Mama kaniita fundi friji tena. Kauliza namaliza lini, nyama zinaharibika. Mara Dada akaingia, yule nesi asiyejua kunyamaza, na Mama akamtambua papo hapo, mpaka jina lake la utotoni! Roho imeniuma. Mimi ndiye ninayeishi naye, mimi ndiye ninayempikia uji, na bado ni fundi. Lakini dawa imepatikana. Mwenye duka la dawa anasema ubongo hausahau hivi hivi, ni damu tu haifiki juu. Nimenunua mafuta ya samaki. Mama akinitaja jina, Dada atanikoma.

Jumanne, 4 Juni
Mama kagoma kumeza. Kauliza tangu lini fundi akagawa dawa. Nikatoboa vidonge, nikamimina kwenye uji. Ukanuka sebule nzima. Ukaliwa na paka wa jirani. Paka yuko macho ajabu leo, na inanitia hasira.

Alhamisi, 6 Juni
Leo juisi ya bitiruti, nyekundu kama damu. Simu inasema inafungua mishipa. Mama kanywa glasi mbili, kasema fundi huyu mkarimu. Jioni kaniita kutoka chooni. Mkojo mwekundu! Nikambeba mbio mpaka zahanati huku nalia. Daktari akauliza kanywa nini. Nilipomjibu, manesi walicheka wakashikana mabega. Dada alikuwa zamu, bila shaka.

Daktari hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba tangu alipopata kiharusi, Mama anameza dawa ya kuzuia damu isigande, na vidonge vya kuokoteza na mitishamba vinaweza kugongana nayo akavuja damu. Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuliwi na kidonge. Ale vizuri, atembee kidogo, akae na watu wake. Nikasema nimeelewa.

Jumamosi, 8 Juni
Jana nilimpa vidonge vya majani ya kuamsha kumbukumbu. Nilijiambia hivi si mitishamba, vimo kwenye kopo. Asubuhi mikono yake ina madoa meusi na damu ya pua haikatiki. Dada akaja, akaikatisha, akabeba makopo yote. Nilijiandaa kutukanwa. Akakaa kitandani akalia, akasema na yeye ana mama mmoja tu. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Juni
Mama hajambo. Tumekaa mlangoni kwenye jua. Kanishika mkono, kasema una mikono kama ya mwanangu. Akanisimulia habari za huyo mwanawe. Mbishi, anajifanya anajua kila kitu, lakini ndiye aliyebaki naye, na siku hizi hamwoni, kutwa yuko mbioni. Anammisi. Nikalia mbele yake bila aibu. Kanipangusa kwa upindo wa nguo, akaniomba nikae kidogo tu, mwanawe anakuja sasa hivi, angependa tufahamiane.

Nilitaka kukaa, Mungu anajua. Lakini kumbukumbu zinarudi, mtu yeyote angeona, zimebaki kusukumwa kidogo! Na duka la dawa limeleta unga mpya wa mbegu, na Jumapili linafunga mapema. Nikamwambia nakuja.

Nimerudi nimemkuta kasinzia kitini. Kando yake kaweka kiti kingine, na juu yake kikombe cha chai, kimepoa. Nimeisogeza chai pembeni nipate pa kuweka kopo. Kesho naanza na kijiko kimoja.