Pole ya Vifuniko Kumi

Habari yenyewe aliileta Taarifa, na nani mwingine? Jina lake hasa ni Ziro na kazi yake ni tuktuk, lakini tangu anunue simu ya kioo kipana abiria huwabeba akijisikia. Saa nne ya asubuhi aliegesha tuktuk yake nusu barabarani nusu mtaroni, akashuka akiipunga simu juu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Jamani, mwajua kuna watu walitengeneza sarafu ya kukumbatiana?"

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja juu ya magurudumu mawili ya lori, nje ya banda la Mangi, nyuma ya soko la zamani hapo Malindi. Mangi huziba pancha, na hilo limemfanya aitwe Pampu na dunia nzima, hata na chifu. Yeye hukaa ncha ya kushoto, beseni la maji miguuni. Ncha ya kulia hukaa Muhidin, muuza samaki wakavu, mtu wa visiwa vya kaskazini, ambaye hata mkewe siku hizi humwita Ng'onda. Mbele yao, nyuma ya karai la mafuta, yupo Bi Mwanatumu, yaani Mama Ukwaju. Viazi vyake ni vya kawaida tu. Watu hufuata ukwaju.

Miaka ishirini na miwili Pampu na Ng'onda wamekaa bega kwa bega katikati ya ubao huo. Sasa ilikuwa siku ya kumi na tisa kila mtu yuko ncha yake, na neno haliendi upande wa pili bila kupitia kwa Mama Ukwaju. Ubaya ni kwamba keshokutwa, Jumamosi, Pampu alikuwa apeleke posa ya mwanawe Jefwa huko Ganze, na mshenga aliyepangwa tangu mwaka jana ni Ng'onda, maana ulimi mtamu kama ule hauna wa pili kuanzia Ngomeni hadi Mariakani. Pampu mwenyewe akisimama mbele za watu hutoka jasho, akaanza kutaja bei za tairi. Alikuwa hana mshenga, hana rafiki, na roho ilimuuma zaidi kwa hilo la pili.

"Sarafu ya kukumbatiana?" Mama Ukwaju aligeuza kiazi. "Yaani mtu akukumbatie halafu akulipe?"

"Si sarafu za mfukoni, mama. Za kompyuta. Zamani kidogo, miaka kumi na kitu iliyopita, pesa hizo zilipokuwa bado mchezo, kila mtu alikuwa akijitungia yake. Huyu katoa ya kusema asante, yule ya kupongezana, yule ya kukumbatia. Wewe uko hapa, mwenzio yuko Ujapani, wamtumia kumbatio, tiing!"

"Akishalipata alifanyeje?"

"Aliweke."

"Aliweke wapi?"

"Kwenye pochi ya simu."

"Kumbatio kwenye pochi!" Mama Ukwaju aliweka mwiko chini ili acheke vizuri. "Hiyo ingemfaa marehemu mume wangu. Mtu yule alikuwa bahili wa kukumbatia, angeyazika yote uani."

"Na ndivyo zilivyokufa!" Taarifa aliruka. "Watu walizikusanya, hawazitumi. Kila mtu ameketi na pochi yake angoja kukumbatiwa."

Pampu alicheka mpaka mpira wa baiskeli ukamponyoka kwenye beseni. Kwa mazoea akageuka kulia atafute jicho la Ng'onda, maana kicheko cha peke yake hakimtoshi. Akakumbuka, akarudisha shingo kwenye beseni.

"Mama Ukwaju," Ng'onda alisema akitazama juu ya paa la soko, "mwambie huyo fundi mpira wake watoa povu huku."

"Mama Ukwaju, mwambie bwana samaki nimeuona."

"Mimi si posta!" Mama Ukwaju alifoka. "Taarifa, endelea."

"Nasema hivi. Wazungu walikosea kitu kimoja. Walianza na kumbatio, na kumbatio si kila siku. Sisi tungetoa sarafu ya shikamoo! Piga hesabu, pwani nzima, toka alfajiri! Nikikuamkia, nakupa sarafu. Wewe waitikia marahaba, waitia mfukoni."

"Kumbe mkubwa ndiye apokeaye?" Ng'onda akajiweka sawa. "Basi mimi nina sabini."

"Ami Muhidin! Mwaka jana ulikuwa na hamsini na nane!"

"Nilikuwa sijaletewa sababu."

"Mama Ukwaju," Pampu akadakia, "mwambie mimi ni mkubwa kwake. Kitambulisho changu chasema tarehe mosi Januari."

"Changu pia tarehe mosi Januari!" akasema Mama Ukwaju.

"Babangu pia," akasema Taarifa. "Ammaa, siku hiyo kina mama wote walisubiriana, au karani alikuwa na mhuri mmoja?"

Kijiwe kikawaka. Kabla kiazi cha pili hakijaiva, Taarifa alikuwa ameshachota vifuniko vya soda kutoka kwenye kopo la Pampu, ambaye huvitoboa akavifanya washa za kukazia nati za baiskeli, akagawa kumi kila mtu, akatangaza kwamba Benki Kuu ya Ubao imefunguliwa. Shikamoo kifuniko kimoja. Asante kimoja. Pole, kwa kuwa ni nzito, vifuniko kumi.

Uchumi ulienda mbio ya ajabu. Taarifa, kwa kuwa ndiye mdogo, aliwaamkia watu watatu, akapungukiwa na vitatu. Mama Ukwaju akasema hakumsikia vizuri, arudie. Akarudia, cha nne kikaenda. Ng'onda akapiga chafya, akamtazama Taarifa kwa jicho la kudai heshima. Dakika kumi hazikupita, yule mvumbuzi alibaki na kifuniko kimoja chenye kutu na huku wazee wamevimba mifuko.

"Huu ni wizi!" alilia. "Mimi ndiye niliyeleta wazo!"

"Shikamoo yake i wapi huyu?" akauliza Mama Ukwaju. "Mbona apiga kelele bila kulipa?"

Katikati ya vurugu hilo Pampu akapata wazo, au alidhani amelipata. Alihesabu vifuniko kumi kutoka mfukoni, akavitia kwenye kikombe, akakisukuma juu ya ubao, taratibu, hadi karibu na goti la Ng'onda.

"Mama Ukwaju," alisema, "mwambie hiyo ni pole. Kamili. Haijapungua hata kimoja."

Mama Ukwaju akaacha kugeuza viazi.

Ng'onda alikitazama kikombe kile. Kisha akakirudisha kwa kidole kimoja.

"Mama Ukwaju, mwambie mimi nilikatwa tumbo, sikupata pancha. Mwambie nililazwa siku nne, nikaandika kwenye grupu la kijiwe kwamba naingia chumba cha upasuaji. Watu walikuja na uji, walikuja na dua, hata yule tunayegombania naye kivuli cha meza za samaki alikuja. Yeye rafiki yangu, mimi natolewa kidole tumbo, ananitumia kidole gumba! Dole! Ati sawasawa kabisa, mkateni!"

"Dole maana yake nimeona, nakuja!" Pampu alisahau kwamba hawasemezani.

"Ulikuja?"

Pampu akautumbukiza mpira wake tena kwenye beseni. Ukweli ni kwamba alikuwa amekwenda. Alifika hadi getini pa hospitali na madafu mawili mkononi, saa ya kuona wagonjwa imepita dakika tano, bawabu akamkatalia. Akakaa ukutani angoje. Jua likawa kali, akanywa dafu moja. Akangoja tena, akanywa la pili. Kisha akaona haya kuingia mikono mitupu, akarudi zake nyumbani. Mambo gani hayo ya kumweleza mtu mwenye nyuzi tumboni? Kila siku alisema atamweleza kesho, na kila kesho lilizidi kuwa jambo la kipuuzi.

"Mama Ukwaju," Ng'onda alimaliza, "mwambie arudishe vifuniko vyake kwenye kopo."

Pampu aliinamia beseni. Povu lilitoka kwenye matobo mawili ya mpira, akaziba moja, jingine hata hakuliona.

Taarifa hapendi kimya. Kimya humwasha ngozi. Akaona pia kwamba wazee wamelegea na huenda ndiyo nafasi ya kuokoa mali yake. Aliivua kofia ya Pampu kichwani, akaivaa, akachukua mwiko wa Mama Ukwaju akaufanya mkongojo, akaketi katikati ya ubao amekunja mgongo.

"Sasa mimi ni mzee. Anayepita hapa ataniamkia, na atalipa."

Barabarani ilikuwa yaja baiskeli. Juu yake bibi mmoja wa Kitaliano, kofia ya makuti, vikuku mkono mzima, mkaazi wa Malindi tangu enzi ambazo Taarifa hajazaliwa. Taarifa hakumtazama uso. Aliona kivuli cha mtu kimesimama, akasikia breki, akasikia sauti ikisema:

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, binti yangu," alijibu Taarifa kwa sauti ya kutetemeka ya kizee. "Hujambo, mjukuu? Waendelea na masomo?"

Mama Ukwaju alijifunika uso kwa leso. Yule bibi akateremka baiskeli, akaivuta chini miwani yake ya jua.

"Naendelea, babu. Nina miaka sabini na sita, niko darasa la pili. Mbona mimi nimewasalimu wazee, na wewe ndiye umeitikia? Ndevu zako ziko wapi?"

Taarifa alisimama wima, mkongojo ukaanguka. "Shi... shikamoo, mama!"

"Marahaba."

"Mpe kifuniko!" Mama Ukwaju alipiga kelele. "Umemwamkia, mlipe!"

Taarifa akatoa kile kimoja chenye kutu, cha mwisho katika milki yake. Bibi akakishika, akakigeuza, akaelezewa sheria zote za Benki Kuu kwa mkato, akatikisa kichwa.

"Basi iamkie na hii baiskeli. Ni kubwa kwako pia."

Ng'onda alikuwa amejizuia tangu "binti yangu". Hapo akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa nguvu zote, kikamkunja katikati, na ghafla akashika tumbo, pale penye nyuzi, uso ukamsinyaa kwa maumivu.

"Aaah! Jamani! Tumbo langu!"

Mpira ukaruka huku, beseni likamwagika kule. Pampu alishafika ncha ya pili ya ubao, amepiga magoti kwenye matope, amemkamata Ng'onda mabega yote mawili.

"Pole! Pole, ndugu yangu, pole! Mulungu wangu, pole sana! Usicheke! Pumua! Pole, Muhidin, pole!"

Alizitoa bila kuzihesabu. Mama Ukwaju alisema baadaye zilifika kumi na saba, lakini yeye hupenda kutia chumvi.

Ng'onda alipumua, akapumua tena. Akamtazama fundi yule aliyelowa hadi kiunoni, kofia hana.

"Nishapoa," alisema.

Hilo tu. Pampu akasema lote kwa mpigo mmoja: "Nilikuja! Nilifika hadi getini na madafu mawili, saa ilikuwa imepita, bawabu akanikatalia!"

"Madafu yako wapi?"

"Niliyanywa."

"Yote mawili?"

"Kulikuwa na jua."

Ng'onda akaanza tena kucheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili, amkataza Pampu asiseme neno jingine atamuua. Taarifa akajipenyeza na kusema kwa mujibu wa sheria pole zile zote zalipiwa, tena Benki ina ada yake. Mama Ukwaju akamtupia ganda la kiazi. Yule bibi alikuwa ameshapanda baiskeli yake na kwenda, na kifuniko akaondoka nacho. Ndiyo mali pekee iliyotoka nje ya nchi siku hiyo.

Adhana ya adhuhuri ilipokaribia, Ng'onda aliinuka pole pole, akaweka kapu lake la samaki kwenye bega la upande usiouma, akashika njia ya msikitini. Pampu alimtazama akienda, hatua kumi, hatua ishirini. Hakuwa ameuliza.

"Muhidin!" alipaza sauti. "Na Jumamosi? Ganze?"

Ng'onda hakugeuka. Aliinua mkono juu, akasimamisha dole gumba.

"Hiyo ndiyo nini sasa?" Pampu alipiga ukelele. "Muhidin! Hilo dole maana yake nini?"

"Maana yake nimeona, nakuja!"