Uzinduzi wa Kivuli Nyuma ya Benki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe ninayekaimu nafasi yake; Waheshimiwa Wafadhili wetu mliotoka mbali na mnaokalia viti vyenye mito; Wakuu wa Idara, Makaimu Wakuu wa Idara, na ninyi mnaowaombea Wakuu wa Idara wastaafu mapema; wenye benki, wenye maduka, madaktari wa meno, vinyozi na makarani; wapiga deki wa maghorofa yote ya mtaa huu wa biashara; ndugu mlinzi unayewafukuza watu wasikae ngazini, leo pumzika; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, izingatiwe. (Makofi. Ameyaanzisha katibu muhtasi wake.)

Ninasimama mbele yenu katika uchochoro huu uliopo kati ya ukuta wa benki na ukuta wa ghala, mahali ambapo hadi juzi palikuwa na jenereta bovu, mapipa ya taka na paka wasio na mwenyewe, nikiwa na furaha isiyo kifani, kuzindua Mradi Shirikishi na Endelevu wa Bustani Tulivu Zilizofichika Katikati ya Shughuli, mradi ambao umepitia upembuzi yakinifu, tathmini ya awali, tathmini ya hiyo tathmini, warsha za wadau, semina elekezi na ziara ya mafunzo ng'ambo niliyoiongoza mimi mwenyewe, ambako niliketi katika bustani moja baada ya nyingine, kutwa nzima, bila kuchoka. (Sauti kutoka nyuma: Pole sana, mheshimiwa.) Asante. Uongozi ni kujitoa.

Wapo wanaouliza, tena kwa ukali, eti kati ya bustani kumi tulizoahidi, hizo nyingine tisa ziko wapi. Ndugu zangu, mradi unaitwaje? Zilizofichika. Bustani anayoiona kila mpita njia imefichika wapi hiyo? Wakaguzi waliuzunguka mtaa huu mpaka soli za viatu zikabanduka, wakarudi ofisini kwangu na kuapa kwamba hawakuona hata jani. Niliwapa mkono. Huo ni ufanisi wa asilimia mia moja, na kwa mujibu wa mtaalamu mwelekezi wetu, ukijumlisha na utulivu uliojitokeza wakati wao wanatafuta, ni asilimia mia na arobaini. (Wafadhili wanatafsiriwa. Wanaandika.)

Tazameni hii ya kwanza, tuliyoifichua leo kwa heshima ya wageni. Tazameni kijani hiki. Majani mapana, majani membamba, maua ya zambarau pale pembeni, vyote vimejipanga kwa utaratibu kana kwamba vilizaliwa hapa. (Kinyozi: Hicho chungu chekundu ni cha kibandani kwangu. Nakimwagilia kila asubuhi, sasa leo nimeamka hakipo.) Mmemsikia kinyozi? Anasema ni chake. Waheshimiwa Wafadhili, andikeni hapo: umiliki wa jamii. Wengine hulitafuta jambo hilo miaka na miaka. (Dada wa fotokopi: Na kile chenye ufa ni cha ofisini kwetu. Jana mlikuja mkasema mnakipeleka kupigwa dawa.) Na ndiyo maana hakina mdudu, dada yangu. Tulisema, tukatenda.

Sikilizeni pia. Nyamazeni kidogo. Katikati ya jiji, honi huku, winchi kule, na bado mnasikia ndege. (Sauti ya ndege inakatika ghafla. Simu ya fundi wa vipaza sauti inaita. Fundi: Haloo, nipo kazini, mke wangu, nitakupigia.) Ndege nao hupumzika. Huo ndio uendelevu.

Lakini mradi bila watu ni saruji tu, na mimi ni mtu wa watu. Kwa hiyo naomba mumwone yule mama aliyeketi kwenye benchi, pale chini ya mwavuli mkubwa uliofungwa matawi. Wote mnamjua, ni Mama Ngazi, anayepiga deki ngazi za jengo letu kutoka ghorofa ya juu hadi mlangoni, tangu mimi nikiwa karani mdogo ninayetumwa chai. Siku niliyopandishwa cheo cha kwanza alinikuta ngazini, kashika kiuno, miguu imemvimba, akaniambia: mwanangu, huko uendako juu, usitusahau, ututafutie mahali pa kukaa mchana, penye kivuli basi, maana ngazini tunafukuzwa. Nikamwambia, mama, hesabu jambo hilo limekwisha. Je, mama, umekaa au hujakaa? (Mama Ngazi: Nimekaa, mwanangu. Wewe hutubu tu, usiwe na haraka.)

Mmesikia wenyewe. Watu husema hotuba zangu ni ndefu, na mke wangu anaongoza kwa kusema hivyo, lakini mwananchi wa kawaida anataka ziongezwe. Basi nitarudi nyuma kidogo, hadi kwenye historia ya dhana ya kivuli. (Minong'ono. Mama Ngazi anavua viatu, ananyoosha miguu kwenye benchi.) Kivuli, waheshimiwa, ni rasilimali mtambuka. Kivuli hakibagui, kivuli hakihitaji umeme, na kwa kuwa kivuli husogea, mwananchi mmoja akikaa hapa asubuhi na mwingine pale jioni, tayari ni wanufaika wawili kwa kivuli kimoja, na kwa hesabu hiyo, wakazi wote wa jiji hili pamoja na viunga vyake wamekwisha kunufaika, wengine bila wao wenyewe kujua. (Wafadhili wanasimama. Wanapiga picha na chungu chekundu. Mkalimani anasema ndege yao haisubiri. Wanaondoka.) Safari njema, waheshimiwa. Karibuni tena, mtupe taarifa mapema. Wapungieni mkono. Endeleeni kupunga. Gari limekata kona? Limekata.

Haya. Sasa tumebaki wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo nitafupisha.

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Namshukuru kinyozi, namshukuru dada wa fotokopi, nawashukuru daktari wa meno na watu wa benki, na ninaomba kila mmoja achukue chungu chake kwa utaratibu, asichukue kizuri cha mwenzake. Naushukuru ukumbi wa harusi kwa zulia hili la kijani mlilolidhania nyasi; likunjwe sasa hivi, bibi harusi anaingia jioni, na mwangalie madoa ya oili. Jenereta lirudi mahali pake. Mwavuli ni wa wauza laini za simu, wapo pale wamenuna. Mradi wenyewe, ndugu zangu, tusidanganyane, haupo. Fungu lake liliishia kwenye warsha na kule ng'ambo nilikochoka kwa niaba yenu. Lakini uzinduzi ulikuwepo, umeonekana, na hakuna wa kutunyang'anya. Nikisema Bustani, nyanyueni mikono mseme Tulia. Bustani. (Mikono yote imeshika vyungu. Wawili watatu wanaitikia kwa midomo.)

Na benchi. Benchi ni la zahanati ya mtaa wa pili, wagonjwa wamesimama tangu asubuhi. Mama, inuka taratibu. (Mama Ngazi hainuki.) Mama. (Katibu muhtasi: Amelala, mheshimiwa. Alilala pale kwenye historia ya kivuli.) Mwamsheni. (Hakuna anayesogea. Kinyozi: Mwamshe wewe. Wewe ndiye mwanawe.)

Mimi nina kikao. Basi mbebeni hivyo hivyo na benchi lake, si ana miguu mibovu? Huko huko zahanati watamtazama. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Wanaume wanne wananyanyua benchi, wanatoka nalo barabarani. Wapita njia wanaacha njia, wengine wanavua kofia na kuuliza ni nani aliyefariki. Mama Ngazi, macho kayafumba, anasema: Pitieni kivulini, wanangu. Wabebaji wanaangalia huku na huku. Jua limejaa barabara nzima.)