Mtu wa Kumi na Mbili

Jumanne, 28 Januari

Siku sita kabla ya mkutano wa kata wa kuteua mgombea urais wa chama chetu. Barafu hadi kwenye kitasa cha mlango. Hasira zangu ndizo zinazoipasha nyumba hii moto.

Leo nimetangaza kwenye blogu yangu, Mwiba wa Nordby: Seneta Tarrant asipopita katika kata yangu mwenyewe, naifunga blogu. Miaka kumi na moja ya jasho! Tangu gazeti la mji liniachishe kazi eti kwa sababu ya lugha yangu. Lugha gani? Niliwaita madiwani wauza sumu. Si ndio walioruhusu kinyesi cha nguruwe kitiririke hadi kwenye maji tunayokunywa? Basi!

Mke wangu, Darla, kauliza nani aliniomba ahadi hiyo. Hakuna. Ndiyo maana ni ya kishujaa.

Hesabu ni rahisi. Wanachama tunakutana katika ukumbi wa michezo wa shule, kila mtu anasimama kwenye kona ya mgombea wake, kona zinahesabiwa. Kona isiyofikisha asilimia kumi na tano ya waliokuja inavunjwa, na watu wake watafute kona nyingine. Huwa tunakuja sitini. Nahitaji tisa. Ninao wanane, nikijihesabu mimi na Darla. Bado mmoja!

Jumatano, 29 Januari

Damu inanichemka. Mwalimu Verlene Oakes, aliyenifundisha darasa la nne, ndiye kiongozi wa kona ya Gavana Dahlgren, yule bwana nusunusu: nusu mshahara, nusu bima, nusu maji safi. Sasa nasikia anapika kashata za karanga na chokoleti za kugawa pale konani. Kashata! Watu wananunuliwa kwa sukari!

Nimeandika maneno elfu mbili juu ya rushwa ya kashata. Wasomaji kumi na wanne. Mmoja kaomba mapishi.

Alhamisi, 30 Januari

Nimekwenda kwa jirani yetu, mzee Ardell Kramme. Miaka sabini na minane. Kisima chake kimeharibika tangu banda la nguruwe elfu nne lijengwe mlimani juu yake. Maji ya kunywa anayabeba kwa madumu kutoka dukani, kwa goti bovu lile. Inauma! Hajaja mkutanoni miaka ishirini. Hapendi kutazamwa.

Nikamhutubia saa nzima. Kanisikiliza, kisha kauliza jambo moja tu: "Nikija, Lowell, utasimama na mimi? Sitaki kuachwa pale kama kigingi."

Nikamwambia bega kwa bega, mpaka mwisho. Tukapeana mikono. Nimetoka pale machozi yananilenga, nikasingizia baridi. Tisa!

Jumamosi, 1 Februari

Tisa wametimia, lakini hasira haijatimia. Nani kawaruhusu hawa wengine wakae majumbani wakitazama mpira huku mto unanuka? Nimeandika makala: "Majirani Zangu Waoga." Nimetaja mitaa. Nimetaja na rangi za milango. Wasomaji elfu nne! Sijawahi!

Darla kauliza: wakija wengi zaidi, si na idadi tunayohitaji itapanda? Nimemwomba asilete hesabu kwenye mapinduzi.

Jumatatu, 3 Februari

Wamekuja themanini! Wale ishirini wa ziada wote walinijia mlangoni kuniambia wamekuja kwa sababu ya makala yangu. Kisha wakaenda moja kwa moja kwenye kona ya Verlene. Sasa nahitaji kumi na wawili. Ebo!

Verlene kaniletea sahani. "Chukua kashata, mwanangu, utapasuka mshipa." Nikakataa. (Nilikula mbili baadaye, kwa uchunguzi.)

Nilikuwa natafuta kiti cha kupanda nihutubie, nikamwona Ardell anachechemea kuelekea kona ya Verlene. Nikajua kanisaliti. Kumbe alitoa mfukoni chupa ya maji ya kisima chake, rangi ya chai, akaiweka katikati ya kashata. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, kwamba hayo ndiyo anayoogea. Basi. Akarudi konani kwetu. Watu watatu wakaitazama ile chupa, wakavuka ukumbi, wakamfuata.

Kumi na wawili!

Habari kama hii haingoji. Ukumbini mtandao haushiki. Nikachomoka hadi kwenye korido, nikaegemea mlango wa choo, nikaandika: "Jinsi Kalamu Yangu Ilivyoiokoa Kata." Simu ikaita. Darla. Nikakata. Ikaita tena. Nikakata. Mara tano! Mtu anaandikaje kwa usumbufu huo?

Niliporudi kona yetu ilikuwa tupu. Mwenyekiti alikuwa ameshahesabu: kumi na mmoja. Akarudia, kwa kuwa Darla alimsihi. Kumi na mmoja. Watu wangu walikuwa wameshahamia kwa Verlene, wanatafuna.

Ardell alikuwa anafunga vifungo vya koti. Nikamwambia huu ni uhuni mtupu, nitawaanika wote. Kaniacha nimalize.

"Mimi nilisimama, Lowell," akasema. "Na goti hili."

Jumanne, 4 Februari

Sijalala kwa hasira. Mtu mmoja! Kata nzima imeangushwa na mtu mmoja!

Ahadi ni deni. Saa mbili asubuhi nimeifunga Mwiba wa Nordby. Saa tatu nimefungua Mwiba Mpya. Makala ya kwanza: kuhesabu watu huku mwanahabari yuko koridoni ni dhuluma dhidi ya uhuru wa habari. Verlene wa kwanza kutoa maoni: asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimemzuia. Darla kasoma mpaka mwisho, kaweka kikombe chini, kachukua koleo na kwenda kuondoa theluji mlangoni kwa Ardell. Kaguswa.

Alhamisi madiwani wanasikiliza shauri la kisima cha Ardell. Wanaruhusu jirani mmoja asimame naye kutoa ushahidi. Nimemwachia ujumbe kwenye simu: ni mimi, bega kwa bega, mpaka mwisho. Hajajibu. Ni goti hilo tu.

Nimeshakwenda kukagua jengo la madiwani. Ndani mtandao haushiki kabisa, lakini koridoni unashika vizuri sana.