Chapwa, Mji wa Paki

Jumatatu, 16 Juni

Nimetoka nyumbani kwa kupita chini ya trela. Mimi, mtu mzima, mwenye stesheneri! Lori la shaba limelala mbele ya geti langu, pua imeelekea Dar, mkia umeziba mlango. Dereva, Mzambia, alikuwa anapiga mswaki. Nikamwambia aliondoe. Akanisalimu kwa lugha ya kwao, mulishani, bosi, akaendelea kusugua. Suruali yangu ina grisi hadi magotini.

Halafu habari njema. Bi Atupele, mtendaji wetu wa kata, ametuita. Mji unapangwa upya. Chapwa yetu ya mpakani inakua kwa kasi, nyumba zinaota hadi katikati ya mahindi, kwa hiyo kata iandikiwe wasifu. Jumamosi wasifu utasomwa mkutanoni, na kwa kuufuata wananchi wataamua uwanja wa wazi ufanyiwe nini. Uwanja wenyewe ndio huo ulio mbele ya geti langu! Jirani yangu Zahoro, mwenye malori, anautaka uwe maegesho. Mimi nataka nyasi, maua, benchi na kimya.

Na nani anaandika wasifu? Mimi. Nilijitolea kabla Bi Atupele hajafika mwisho wa sentensi. Alisema anashukuru sana, hasa kwa kuwa karatasi na wino ni vyangu.

Maskini Zahoro. Anajua matairi, hajui kalamu.

Jumanne, 17 Juni

Nimekaa kuandika. Chapwa ina nini? Vumbi, upepo, mahindi, gesti, malori. Huwezi kuandika hivyo. Ukweli ni wa watu wasio na elimu.

Nikamwandikia Edson, mdogo wake mke wangu. Yuko Kanada magharibi, mji unaitwa Surrey, jirani na Vancouver. Kazi yake siijui vizuri, sijawahi kuuliza. Nilimwomba wasifu wa mji wake. Akautuma. Mungu wangu! Ni Chapwa ileile! Mji wa pembeni unaokua haraka. Uko mpakani. Wageni wa kila aina. Mashamba yanageuka nyumba. Tofauti ni kwamba wao wana treni inayopita juu ya vichwa vya watu, sisi tuna bodaboda zinazopita juu ya miguu.

Nimeamua. Sitatunga. Nitatafsiri.

Zahoro alipita stesheneri kutoa kopi ya leseni. Aliuliza naandika nini. Nikamwambia, kwa upole, kwamba naulinganisha mji wetu na Surrey. Akasikia sare, akauliza ni za shule gani. Watu wa aina hii ndio wanaotaka kupanga miji!

Jumatano, 18 Juni

Kazi inakwenda. Palipoandikwa matunda ya buluu nimeweka kahawa ya Mbozi. Palipoandikwa samaki wa baharini nimeweka mchele wa Kamsamba. Palipoandikwa theluji nimeacha theluji. Inaleta heshima.

Sasa kiini. Surrey kwa miaka mingi ilijisifu kuwa mji wa "parks". Edson anasema ni viwanja vya kijani, watu wanakaa, wanapunga upepo, hakuna anayemuuliza mwenzake anauza nini. Ndicho ninachotaka mbele ya geti! Lakini kwa Kiswahili? Bustani? Bustani hapa ni mchicha na samadi. Nikiandika bustani, kufika Jumapili wanawake wote wa mtaa wameshagawana matuta.

Nimeandika paki. Fupi. Ya kisasa. Ina Kanada ndani yake. CHAPWA, MJI WA PAKI. Nimelisoma kwa sauti, mwili ukasisimka.

Jenista, mke wangu, anauza chai na chapati kwa madereva, jambo ambalo tumeshaligombania mpaka tumechoka. Alisoma akaniuliza: baba Ipyana, paki si ya malori? Nikamweleza kwamba kupaki ni kitendo, paki ni mazingira. Akauliza ni nani mwingine Chapwa nzima anayejua hivyo. Nikamwambia watajua Jumamosi. Akachukua kanga, akaenda sokoni, akarudi na sufuria kubwa ya kupikia watu wa msiba. Sikumuuliza ya nini. Wanawake hununua vitu.

Alhamisi, 19 Juni

Mkakati! Mwananchi haelewi mpaka aone. Asubuhi nimepanda miche ya maua ukingoni mwa uwanja. Katikati nimechimbia nguzo na bango, herufi nyekundu, kubwa: PAKI. Lengo ni watu walizoee neno kabla ya mkutano.

Wamelizoea. Nilirudi mchana kula, uwanja umejaa malori kutoka ukingo hadi ukingo. Dereva wa kwanza alisema aliona bango likimwamuru. Nikamwambia ile si amri, ni nomino. Akasema yeye ni mtu wa Kitwe, hayo hayajui, ila anashukuru: natotela sana, ba Paki. Ba Paki, yaani Bwana Paki! Wenzake wakalidaka jina hapohapo. Maua yako chini ya matairi. Moja bado linaonekana, limelala kifudifudi.

Zahoro alikuja kunipa mkono, mikono yote miwili. Alisema amenikosea miaka yote, alidhani nina kinyongo na watu wa malori, kumbe mimi muungwana kumshinda yeye. Nimemwelewa. Ameogopa. Anajipendekeza kabla ya kushindwa.

Jumamosi, 21 Juni

Nilivaa koti. Nilisoma wasifu wote kwa kipaza sauti. Mzee mmoja aliuliza hiyo theluji ya Chapwa iko upande gani, yeye amezaliwa hapa. Bi Atupele akasema labda mwandishi amekusudia baridi ya Julai, tuendelee. Nikafika kwenye Mji wa Paki. Makofi! Vigelegele! Zahoro alisimama juu ya kiti. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa nainamisha kichwa kupokea sifa.

Bi Atupele aliuliza, ili iingie kwenye muhtasari: kwa hiyo mwandishi anapendekeza uwanja wa wazi uwe paki? Nikasema ndiyo, paki. Ya watu wote? Ya watu wote, nikasema, bila kiingilio, mchana na usiku, wenyeji na wageni. Nilisema neno kwa neno, polepole, ili watu wa nyuma wasikie. Zahoro akasema anamuunga mkono mjumbe kwa machozi, kwa sababu geti la mjumbe ndilo la kwanza kupata adha, lakini amejitoa kwa ajili ya Chapwa. Ikapigwa kura. Mikono yote juu. Wa kwanza ulikuwa wangu.

Zahoro akatangaza kwamba Jumatatu ataleta greda lake kusawazisha. Nikamuuliza greda la kupandia nyasi?

Kicheko kilianzia nyuma na kufika mbele kama mafuriko.

Nikachukua tena kipaza sauti. Nikaeleza: paki! Nyasi, benchi, watoto wanacheza! Mama mmoja akadakia, watoto wacheze kwenye malori? Mzee wa sare, umewachoka wanetu? Kumbe Zahoro alishalieneza hilo la sare. Nikaeleza kuhusu nomino. Ikawa mbaya zaidi. Bi Atupele akasema muhtasari umeshaandikwa kama nilivyotamka, na kama kuna marekebisho niyaombe kwa maandishi.

Muhtasari umekuja kutolewa kopi kwangu. Nimeutoa mwenyewe, kurasa zote, pande mbili.

Jumatatu, 23 Juni

Greda lilianza kunguruma kabla sijavaa viatu. Limesawazisha uwanja, bango langu limebaki. Zahoro aliamuru lisiguswe. Amelipaka rangi upya.

Nimemwandikia Edson kumlaumu. Amejibu kwa furaha. Anasema Chapwa imewatangulia: kwao Surrey madereva wa malori wanahangaika kutafuta pa kuegesha, yeye mwenyewe hulizungusha lake mpaka akili inamtoka. Lake! Shemeji yangu ni dereva wa lori! Ameuliza kama kwetu kuna nafasi.

Benchi limepatikana, niseme ukweli. Jenista ameliweka uwanjani, chini ya turubai, la wateja wake. Sufuria kubwa inachemka kutwa nzima. Leo nilipotaka kukaa aliniomba niwapishe watu wanaokunywa.

Alhamisi, 26 Juni

Jenista anasema nikubali kwamba nilikosea. Nimelitafakari hilo kwa uadilifu. Sikukosea. Tafsiri ilikuwa sahihi, wasikilizaji ndio waliokuwa na kasoro. Mwandishi wa Surrey aliandikia watu wa Surrey. Mimi niliandikia Zahoro.

Lakini sijashindwa. Bado upande wa nyuma! Nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba chetu, kuna kinjia cha kwenda kisimani. Bi Atupele ametangaza kwamba mkutano ujao utakipangia matumizi, na ameomba wasifu uongezwe ukurasa. Anasema nikiona vyema niandike mimi tena. Nadhani alikuwa anakohoa alipogeuka.

Nimeurudia wasifu wa Surrey mstari kwa mstari. Kipo! Wana kitu wanakiita "trails". Ni njia za miguu katikati ya miti. Hazipitiwi na gari, mtu anasikia hata ndege. Ndiyo kiu yangu! Na safari hii hakuna neno la kutatanisha. Nimetafuta linalojulikana na kila mtu Chapwa, mkubwa kwa mdogo, hata Zahoro, lisilohitaji maelezo yoyote. Zahoro amelisikia tu akajitolea nguzo mbili na saruji. Watu hubadilika.

Bango liko tayari, linakauka ukutani: NJIA HII NI YA TRELA TU.

Jenista amelisoma mara mbili. Kisha akachukua kanga, akaenda sokoni kununua sufuria nyingine.