Ombi la Kuvuliwa Umalkia wa Lori

Idalina Furtado,
Shamba la Furtado, Barabara ya Mfereji,
Kaunti ya Larkin.

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Usajili wa Magari,
Kaunti ya Larkin.

Ndugu Mkuu,

YAH: MSAMAHA WA KUPIMWA MOSHI, NA MATESO YA ANAYEKAA JUU YA LORI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, pamoja na wafanyakazi wako wote wa madirishani. Mimi ni msichana niliyemaliza shule juzi tu. Naandika kwa sababu kusema siwezi. Si bubu, ila nikisimama mbele ya mtu nisiyemzoea, sauti hunirudi tumboni ikajificha huko. Kwa hiyo ujue kwamba mtu wa aina yangu akifikia kumlalamikia mkubwa kama wewe, mambo yamemfika hapa shingoni.

Kwanza nakupongeza kwa sheria zako. Nimezisoma zote ukutani mwa ofisi yako siku niliyomsindikiza babu, na nimezirudia, maana foleni yenu humpa mtu nafasi nzuri ya kujisomea. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na nimeyapa namba ili yasipotee mezani kwako.

1. Kuhusu kuzaliwa.

Jirani yetu Bwana Lindqvist ana lori la mwaka 1974. Likiwashwa asubuhi, kuku wetu hurudi bandani wakidhani usiku umeingia. Sheria yako inasema lori hilo limesamehewa kupimwa moshi maisha yake yote, kwa kuwa ni la zamani. Letu ni la mwaka 1977. Tunaliita Estrela, jina la ng'ombe wetu wa kwanza, na bila lori hilo hakuna majani makavu, na bila majani makavu hakuna ng'ombe. Estrela amezaliwa baada ya mstari wenu wa miaka ya msamaha, kwa hiyo lazima apimwe pumzi kama mlevi.

Nimefikiri sana nikaelewa. Moshi ni kama jibini la bibi yangu: ukikaa miaka ya kutosha unakuwa mtamu. Nashukuru kwa elimu hiyo. Ninachouliza tu ni kwa nini mapafu yetu hayajaarifiwa.

Kusema kweli, mimi moshi wa Estrela siuoni sana. Lakini babu yangu, mzee Altino, ambaye hakuwahi kumsema vibaya Estrela hata siku lori lilipomzimikia katikati ya mto, mwaka huu anamwambia kila mtu kwamba lori linafuka kama tanuri na haliwezi kupita kipimo. Mimi ni nani hata nimbishie?

2. Kuhusu dirisha la tatu.

Kwenye dirisha la tatu yupo Bi. Paulsen, mama mpole mwenye miwani ya kamba. Ndiye aliyemweleza babu kwamba kuna njia nyingine. Gari la umri wa Estrela laweza kupewa kibao cha namba cha gari la kihistoria, na gari la kihistoria halipimwi moshi, mradi litumike kwa maonyesho na magwaride tu. Lisifanye kazi.

Babu akavua kofia. "Mama, gwaride ni kitu gani, kwa mujibu wa sheria?"

"Ah, mzee, si mnapita barabarani kwa sherehe, watu wanawatazama."

"Watu wangapi?"

Bi. Paulsen akafungua kitabu, akakifunga. "Sheria haisemi."

"Na likipita kwenye sherehe, linaweza kubeba kitu?"

"Kitu gani, kwa mfano?"

"Mapambo," akasema babu. "Mapambo ya majani makavu."

Ndugu Mkuu, nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ningekuwa na sauti, ningepiga kelele pale pale.

3. Kuhusu joho.

Sisi watu wa visiwa vya Azores, vile vya Ureno, hata tukiwa tumezaliwa huku bondeni, hatujui gwaride lisilo na malkia. Kila mwaka kwenye sikukuu ya Roho Mtakatifu msichana mmoja huvishwa taji na joho la mahameli refu kama zulia la kanisa, akatembea mbele ya watu wote hadi ukumbini. Mwaka huu ilikuwa zamu yangu. Bibi yangu, Olinda, alilishona joho langu majira mawili ya baridi, akalitia njiwa kwa nyuzi za fedha, na pembeni akamtia ng'ombe mdogo ambaye alidhani sitamwona. Majira ya kuchipua nikasema sitaweza. Nilisema kwa kuandika. Bibi akasoma, akasema, "Haya, mama," akalikunja joho akalitia sandukuni, wala hakunilaumu kwa neno hata moja. Mpaka leo natamani angenilaumu.

Sasa sheria yako imelitoa joho sandukuni. Kila Jumatano Estrela anapokwenda kuchukua majani, naketi juu ya marobota machache ya majani ya mapambo, na taji kichwani, na bibi hutembea pembeni ameshika pindo lisiguse tope. Lori huenda kwa mwendo wa bibi.

"Punga mkono, Idalina!" babu ananipigia kelele kutoka kwenye usukani. "Usipopunga tunavunja sheria!"

Nimekataa kuwa malkia mbele ya watu wangu siku moja tu ya mwaka. Ofisi yako imenipa Jumatano zote.

4. Kuhusu ndama na taka.

Nilidhani ni majani tu. Ndama wetu alipovimba tumbo, akapelekwa kwa daktari wa mifugo kwa gwaride. Alilala karibu yangu, akanitapikia viatu, na mimi nikapunga. Uzio ulipooza, mbao zikapelekwa dampo kwa gwaride. Wafanyakazi wa dampo walivua kofia. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Huyu ndiye nani?" Mwenzake akajibu, "Malkia wa taka, nadhani. Punga, bwana, usiwe mshamba."

5. Kuhusu supu.

Kwetu gwaride likiisha, mwenye gwaride hulisha kila aliyelitazama, bila kuuliza jina. Ni supu ya nyama na kabichi juu ya mkate, na jani la mnanaa. Bibi hawezi kuwaacha watu wamesimama barabarani na njaa kwa sababu tu walikuwa wakipita. Kwa hiyo kila Jumatano sufuria kubwa ya ukumbini hupakiwa nyuma yangu, na tukifika duka la chakula cha mifugo watu wako tayari wamejipanga na mabakuli yao. Wanaijua ratiba yetu kuliko ya misa. Bwana Lindqvist huja na lori lake la 1974, na huegesha upande ambao upepo unatokea.

Huja pia Rusty Hobart, fundi wa kupima moshi, mtu ambaye kazi yake ndiyo tunayoikimbia. Hula mabakuli mawili. Kila anapofungua mdomo kusema jambo kuhusu lori, babu humjazia la tatu. "Kula, kijana, kula. Mambo ya kazi mezani hayafai."

6. Kuhusu askari.

Wiki iliyopita askari wa kaunti alitusimamisha. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijua sasa tumekamatwa na mimi nitashuka.

"Mzee Altino, kibao chako ni cha kihistoria. Haya yote ni nini?"

"Gwaride."

"Gwaride la nini? Leo si sikukuu."

"Wewe huoni malkia?"

Askari akanitazama. Babu akanitazama kwenye kioo. Bibi akanitazama kutoka chini, pindo mkononi. Ndugu Mkuu, nikapunga. Askari akasimama wima, akanipigia saluti, akarudi kwenye gari lake, akawasha taa zote na kutuongoza hadi mlangoni mwa duka. Jumatano hii ameahidi kumleta mkewe.

7. Kuhusu kazi yangu.

Nimepata kazi maktabani, chumba cha nyuma, kubandika lebo kwenye migongo ya vitabu. Ni chumba kisicho na dirisha. Sijawahi kutamani kitu kama ninavyokitamani chumba kile. Kazi inaanza Jumatano ya wiki ijayo, na kila Jumatano ni siku ya kazi. Nikienda kubandika lebo, hakuna malkia. Pasipo malkia hakuna gwaride. Pasipo gwaride Estrela anakuwa mhalifu, majani yanabaki dukani, na ng'ombe wa babu wanauzwa. Nikiwa juu ya lori, chumba anapewa mwingine. Uchungu wangu wote ndio huo, mengine ni maelezo.

Baada ya hayo, naomba unisaidie kuelewa jambo moja la kisayansi. Lori lile lile, injini ile ile, barabara ile ile, majani yale yale. Pasipo mimi moshi wake ni hatari kwa watoto na wazee. Nikiwapo na joho, moshi hauna neno. Maana yake ni kwamba mimi ndiye kifaa cha kusafisha moshi. Sikujua. Shuleni hawakunifundisha.

Kama ndivyo, napendekeza serikali isiwe na uchoyo. Kila lori kwenye barabara kuu lifungwe msichana mmoja mwenye joho, karibu na bomba la moshi kadiri iwezekanavyo. Kiwanda cha nyanya pale mjini, ambacho hutufanya tufunge madirisha mwezi mzima, kipewe malkia wanne, mmoja kila pembe ya paa. Mafundi wa vipimo wafunzwe kukagua vifaa hivyo: taji limenyooka, mkono unapunga, uso unatabasamu. Kifaa kisichotabasamu kisipite. Na sisi tulio vifaa tupate msamaha wetu tukizeeka kidogo, kama lori la Bwana Lindqvist.

Lakini kama nimekosea, na kinachosafisha moshi si mimi, basi naomba mojawapo ya haya, kwa unyenyekevu: ama mstari wenu usogezwe kidogo umfikie Estrela, ama kulisha ng'ombe kuhesabiwe kuwa maonyesho ya kihistoria, maana kwa idadi ya mashamba yanayofungwa huku bondeni itakuwa hivyo karibuni, ama utunyang'anye kibao kile, umlazimishe babu ampeleke Estrela kwa Rusty Hobart, na liwe liwalo. Mimi nivuliwe umalkia kwa barua rasmi yenye mhuri. Bibi anaheshimu mihuri. Akiona mhuri hatanilaumu, na mara hii sitatamani anilaumu.

Nisalimie Bi. Paulsen wa dirisha la tatu, na mwambie mapambo yanaendelea vizuri. Nisalimie mlinzi wa mlangoni aliyenipa kiti, na wote waliokuwa kwenye foleni siku ile, ambao naamini bado wapo.

Ni mimi mtii wa sheria zako, kutoka juu ya marobota,

Idalina Furtado

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha hii, nikaifungua tena, ndiyo maana gundi imechanika. Leo ilikuwa Jumatano, na babu alikuwa upande wa pili wa lori akifunga kamba. Rusty Hobart akaja na bakuli lake akasimama chini yangu.

"Dada Idalina, hivi babu yako ana nini? Hili lori si nililipima mwenyewe majira ya kuchipua? Lilipita bila kikohozi. Nimepima magari mapya yanayofuka kuliko hili. Nikimwambia hana haja ya kibao cha kihistoria, ananimwagia supu mpaka kwenye kidole!"

Nikamuuliza, kwa sauti yangu mwenyewe, ilikuwa lini hasa. Akasema anakumbuka, maana ni wiki ile ukumbini walipokuwa wakinong'ona kwamba mjukuu wa Olinda amekataa joho, na babu alikuwa hana raha hata kidogo, akalipiga lori kofi moja akasema, "Limepita, eti? Basi usimwambie mtu."

Nikageuka nikamwona bibi. Alikuwa amenyanyua pindo la joho kwa mikono miwili, akimwonyesha mke wa askari yule ng'ombe mdogo wa pembeni. Mke wa askari akauliza nani kashona. Bibi akajibu kwa sauti ambayo ilisikika hadi ndani ya duka.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, yote niliyoandika huko juu, kuanzia namba ya kwanza, naomba uyasahau. Ningeichana barua hii, lakini babu ameiona bahasha yenye anwani yako akakisia ninachoomba, na nisipoituma atauliza nimebadili nia kwa sababu gani. Maktabani nimewaomba nianze Alhamisi, na Jumatano zote wanipe ruhusa. Nilikwenda mwenyewe, nikasema kwa mdomo, wakakubali.

Usisogeze mstari. Usitume mhuri. Jumatano ijayo tutapita mbele ya ofisi yako kwenda kuchukua chumvi ya ng'ombe, mtoke nje na mabakuli. Na babu akija dirisha la tatu, akaulizwa habari za lori, tafadhali mumwamini kwa lolote atakalosema. Linafuka, Ndugu Mkuu. Linafuka kama tanuri.